Eglantyne Jebb na Haki ya Mtoto wa Jirani

Nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, zimezoea kupokea wageni. Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa na nchi yake ikaingia katika mapigano, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia katika ardhi ya Waha. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena kwa wingi, hata Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Katika misafara yote hiyo walio wengi walikuwa watoto. Baadhi yao walifika wameshikwa mkono na mama zao. Wengine walifika peke yao.

Mwaka ule wa 2015 zilitengwa kambini sehemu maalumu ambamo watoto walikusanywa wapate kucheza, kuchora na kuimba, huku wale waliopotezana na wazazi wakitafutiwa jamaa zao. Miongoni mwa mashirika yaliyoifanya kazi hiyo lilikuwamo lile liitwalo Save the Children, maana yake Okoeni Watoto. Jina hilo latajwa sana katika mji wa Kasulu na katika mji wa Kibondo, lakini wanaomjua mwanamke aliyelianzisha ni wachache. Yafaa maisha yake yasimuliwe, kwa kuwa yana jambo la kutufundisha sisi tunaoishi mitaani, mbali na kambi na mbali na ofisi za mashirika.

Bibi Eglantyne Jebb alizaliwa tarehe 25 Agosti, 1876, huko Ellesmere katika jimbo la Shropshire, nchini Uingereza. Alikuwa mtoto wa nne katika watoto sita. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mashamba, na nyumba yao haikujua njaa. Lakini mama yake hakuwa mtu wa kukaa akiitazama shida ya wengine dirishani. Mwaka 1884 alianzisha chama cha kuwafundisha watu wa vijijini, na hasa vijana, kazi za mikono kama kuchonga mbao na kufua madini, ili jioni zao zisipotee bure na mikono yao ipate ujuzi. Hivyo Eglantyne alikua akiona kwamba kijana asiye na kazi hasaidiwi kwa kuhurumiwa. Husaidiwa kwa kufundishwa.

Mwaka 1895 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford akasoma historia. Wakati huo wanawake waliruhusiwa kusoma Oxford lakini hawakupewa shahada, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1920. Baada ya masomo alijifunza ualimu, akaenda kufundisha watoto wa watu maskini katika mji wa Marlborough. Kazi hiyo haikumfaa. Ilimchosha mwili na moyo, na baada ya muda usiozidi miaka miwili akaiacha. Hapa pana jambo la kustaajabisha kwa mtu ambaye jina lake limefungamana na watoto: hakuwa mtu wa kufurahia kelele zao, hakuolewa, wala hakuzaa. Alichokifanya baadaye hakikutoka katika mapenzi ya kubembeleza. Kilitoka katika fikra kwamba mtoto anadai, na kwamba mtu mzima ni mdaiwa.

Akahamia Cambridge kuishi na mama yake aliyekuwa mgonjwa. Mji huo wasifiwa duniani kote kwa vyuo vyake, bustani zake na mto wake. Lakini nyuma ya kuta za vyuo palikuwa na vichochoro vya watu maskini, na baina ya wasomi na watu hao palikuwa na umbali mkubwa ingawa waliishi hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake. Bibi Jebb alijiunga na chama kilichokuwa kikiratibu misaada ya mji, na mara akagundua kasoro. Sadaka zilitolewa nyingi, tena na watu wema, lakini hapana aliyejua ni nani aliyepata, nani aliyekosa, na kwa nini mtu aliyesaidiwa mwaka jana alikuwa mhitaji tena mwaka huu.

Basi akafanya kazi ambayo haina sifa wala haipigiwi makofi. Alikusanya habari za mji ule, mtaa kwa mtaa: nyumba zilivyo, mishahara ilivyo, magonjwa, ulevi, shule, na vyama vyote vilivyodai kusaidia watu. Mwaka 1906 akachapisha kitabu juu ya hali ya mji wa Cambridge. Katika uchunguzi wake aliona hasa taabu ya vijana wanaume. Mvulana alipoacha shule alipata upesi kazi ya kutumwa na kubeba mizigo, nayo ilimpa senti kidogo na kumfurahisha. Lakini alipofikia umri wa mtu mzima alifukuzwa ili achukuliwe mdogo wake kwa ujira mdogo zaidi, naye akabaki hana ufundi wowote. Bibi Jebb akashiriki kuendesha ofisi ya kuwaandikisha vijana, kuwatafutia kazi zenye mafunzo, na kuzungumza na wazazi wao na waajiri wao. Kazi hiyo ilihitaji daftari, meza, na mtu mwenye subira. Haikuhitaji kasri wala fedha nyingi.

Mwaka 1913 alisafiri kwenda Makedonia, katika nchi za Balkani, kupeleka misaada kwa watu walioathirika na vita. Huko aliona kwa macho yake wakimbizi waliochomewa vijiji, watoto wasio na wazazi, na wazee waliokuwa wakingoja mkate. Alirudi akiamini kwamba unga na blanketi, ijapokuwa ni vya lazima, havitoshi; yapasa kumrudisha mtu katika uwezo wa kujilisha mwenyewe.

Mwaka uliofuata ikazuka Vita Kuu ya Kwanza. Dada yake Dorothy Buxton alianza kutafsiri habari za magazeti ya nchi za nje, zikiwamo nchi zilizokuwa adui wa Uingereza, ili Waingereza wajue yanayosemwa upande wa pili. Eglantyne akamsaidia. Katika magazeti hayo walisoma habari ambazo serikali yao haikupenda zisomwe: kwamba watoto wa Ujerumani na Austria walikuwa wakidhoofika na kufa. Vita vilisimama mwezi Novemba 1918, lakini manowari za washindi ziliendelea kuzuia chakula kisiingie katika nchi hizo, ili zilazimike kukubali masharti ya amani. Katika mji wa Vienna watoto walipatwa na matege kwa sababu ya kukosa maziwa na mafuta.

Mwanzoni mwa mwaka 1919 ndugu hao wawili, pamoja na wenzao, waliunda baraza la kupigana na njaa. Mwezi Aprili, Bibi Jebb alisimama katika uwanja wa Trafalgar, katikati ya London, akigawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeshwa na njaa. Akakamatwa, kwa kuwa karatasi zile hazikupitishwa na wakaguzi wa serikali kama sheria ya wakati wa vita ilivyotaka. Mwezi Mei akafikishwa mahakamani. Hakukana kwamba alizigawa. Alijitetea kwa kueleza haki ya jambo lenyewe. Mahakama ilimwona ana hatia, lakini ikamtoza faini ya pauni 5 tu. Yasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe, Bwana Archibald Bodkin, alimpa pauni 5 kesi ilipokwisha, nazo zikahesabiwa kuwa mchango wa kwanza wa mfuko uliokuwa ukitungwa.

Siku chache baadaye, tarehe 19 Mei, 1919, mkutano mkubwa ulifanyika katika ukumbi wa Royal Albert jijini London. Ukumbi ulijaa. Walikuwamo watu waliokuja kwa hasira, tayari kuwazomea wanawake hao waliotaka kuwalisha watoto wa adui, na yasemwa kwamba wengine walibeba matunda mabovu ya kuwatupia. Tusiwadharau watu hao. Wengi walikuwa wamezika watoto wao na waume zao miezi michache tu iliyopita, kwa risasi za Wajerumani. Lakini Bibi Jebb alisimama akawaambia kwa lugha nyepesi kwamba haiwezekani mtu mwenye moyo wa kibinadamu kuwatazama watoto wakifa njaa bila kujitahidi kuwaokoa. Mkutano ukageuka. Fedha zikachangwa pale pale, na Mfuko wa Kuokoa Watoto ukazaliwa.

Kuanzia hapo aliendesha kazi ya huruma kwa mbinu za mfanya biashara. Alinunua kurasa nzima za magazeti kutangaza haja ya watoto, akatumia hata filamu, jambo ambalo wengine waliliona si la heshima kwa kazi ya sadaka. Alipoona viongozi wa Kanisa la Uingereza wanasitasita, alielekea Roma. Papa Benedikto wa 15 akaagiza kwamba tarehe 28 Desemba, 1919, makanisa ya Katoliki duniani yakusanye sadaka kwa ajili ya watoto wenye njaa wa Ulaya ya kati. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu, walichanga pia. Mwezi Januari 1920 umoja wa kimataifa wa kuwaokoa watoto ukaundwa mjini Geneva, Uswisi.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1921, njaa ilipoikumba Urusi katika bonde la mto Volga. Urusi ilikuwa chini ya serikali ya Kisovyeti iliyochukiwa na wakubwa wa Uingereza, na baadhi ya magazeti yalimshambulia Bibi Jebb na mfuko wake kwa kulisha watu wa nchi hiyo hali Uingereza kwenyewe kulikuwa na watu wasio na kazi. Hakurudi nyuma. Meli ilipelekwa na tani 600 za vyakula na mahitaji mengine, na katika jimbo la Saratov vikafunguliwa vituo vya kulishia watoto. Kazi ilipopamba moto watoto wapatao 300,000 walikuwa wakilishwa kila siku. Kila mtoto aliandikwa, kila kituo kilihesabu sahani zake, na wasimamizi wengi walikuwa wenyeji wa mahali pale. Mazoea ya Cambridge, ya kujua nani yuko katika nyumba ipi, ndiyo yaliyowezesha kazi ya Saratov.

Lakini Bibi Jebb alijua kwamba njaa moja ikiisha nyingine yaja, na kwamba watu wakichoka kutoa, mtoto hubaki hana pa kushika. Mwaka 1923, akiwa Geneva, aliandika tamko fupi lenye mambo matano. Kwa maana yake, lasema kwamba mtoto apewe njia ya kukua mwilini na rohoni; kwamba mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyechelewa asaidiwe, aliyepotoka arejeshwe, na yatima apewe makazi; kwamba wakati wa maafa mtoto awe wa kwanza kuokolewa; kwamba awekwe katika hali ya kuweza kujipatia riziki na akingwe na wanyonyaji; na kwamba alelewe akijua kuwa vipaji vyake ni vya kuwatumikia wenzake. Tena haya yote ni yake bila kujali kabila, taifa wala dini yake. Tarehe 26 Septemba, 1924, Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliidhinisha tamko hilo. Kwa mara ya kwanza mataifa yalikubali kwa maandishi kwamba wanadamu wana deni kwa mtoto.

Miaka yake ya mwisho aliitumia katika kazi ya makazi ya wakimbizi. Huko Bulgaria na Albania mfuko wake ulisaidia kujenga vijiji ambavyo familia za wakimbizi zilipewa nyumba ili zilime na kujitegemea. Alianza pia kuyaelekeza macho yake Afrika na Asia. Afya yake, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa dhaifu kwa maradhi ya tezi la shingo, haikumruhusu kwenda mbali zaidi. Alifariki mjini Geneva tarehe 17 Desemba, 1928, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa huko huko.

Mwaka 1931 umoja aliouanzisha ulifanya mkutano Geneva juu ya mtoto wa Afrika. Waliozungumza zaidi walikuwa wamisionari na maofisa wa serikali za kikoloni. Waafrika wenyewe walikuwa wachache mno. Mmoja wao alikuwa kijana kutoka Kenya, Jomo Kenyatta, ambaye baadaye aliiongoza nchi yake. Ukweli huu tuutaje bila kuuficha: kazi njema nayo yaweza kumsahau yule anayehusika, ikazungumza juu yake badala ya kuzungumza naye. Na kosa hilo halikuisha mwaka 1931. Laweza kutendeka leo katika semina yoyote, mahali popote.

Tamko la Bibi Jebb halikuzikwa pamoja naye. Lilikuwa msingi wa tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1959, kisha likafuatwa na mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mwaka 2009 Bunge letu likatunga Sheria ya Mtoto. Sheria hiyo yamkinga mtoto na kazi zinazomdhuru, nayo imeziwajibisha mamlaka za serikali za mitaa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Hapo ndipo mambo ya Geneva yanapofika katika barabara za Murubona, Murusi na Kumsenga, na katika mji wa Kibondo.

Katika nyanda hizi kulea mtoto wa mwenzako si jambo geni. Wakati wa ukoloni, Kasulu na Kibondo zilifanywa chemchemi ya vibarua. Wanaume wa Kiha walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine hawakuonekana tena kwa miaka. Nani aliyewalea watoto waliobaki? Walilelewa na mama, na bibi, na shangazi, na jirani wa mlango wa pili. Hata wakimbizi walipokuja hawakuwa wageni kabisa, kwa maana Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, na mtoto wa huku na wa kule wakikutana mtoni huelewana kabla watu wazima hawajamaliza kuulizana vibali.

Lakini miji hukua, na mji una tabia ya kuwafanya watu wapangishe vyumba katika ua mmoja bila kujuana. Mtoto anayeshinda sokoni akibeba mizigo saa za shule huonekana na watu mia moja kwa siku, na kila mmoja hudhani kwamba ni mtoto wa mtaa mwingine. Binti anayepelekwa mji wa mbali kufanya kazi za nyumbani huondoka alfajiri, na jirani husikia habari zake mwezi ukishapita. Kijana anayepewa kazi ya kutumwa leo ndiye yule wa Cambridge wa mwaka 1906: senti anazo, ufundi hana.

Hatukukosa mipango. Mwaka 2017 Serikali ilianza kutekeleza mpango wa taifa wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliotaka kamati za ulinzi ziundwe hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mwaka huo huo mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianza mpango wa pamoja wa Kigoma, uliozihusu Kasulu, Kibondo na Kakonko, ili wenyeji wasaidiwe sambamba na wakimbizi. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini kila mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Kambi ikifungwa, magari huondoka, na vibao vya barabarani hupauka kwa jua. Mtoto haondoki. Naye hakui kwa kalenda ya wafadhili.

Kwa hiyo swali si kwamba nani atatuletea mradi mwingine. Swali ni kama kamati ya mtaa ina daftari, na kama daftari hilo lina majina. Je, yajulikana ni watoto wangapi wa mtaa huu wa umri wa kusoma ambao hawakwenda shule juma hili? Ni nyumba zipi zinazoongozwa na bibi mzee peke yake? Ni fundi gani wa cherehani, wa baiskeli au wa useremala aliye tayari kupokea kijana mmoja wa kujifunza? Mambo haya hayahitaji ndege kutoka Geneva. Yahitaji kalamu, miguu ya kutembea nyumba kwa nyumba, na mwenyekiti asiyeona haya kugonga mlango. Na wanapohesabiwa watoto, wahesabiwe wote, aliyezaliwa hapa na aliyevukishwa mpaka mgongoni mwa mama yake, kwa kuwa njaa haiulizi cheti cha kuzaliwa.

Mwanamke huyo tuliyemsimulia hakuwa na mtoto, afya yake ilikuwa mbovu, na nchi yake ilimpeleka mahakamani kwa kuwatetea watoto wa watu waliokuwa adui. Sisi hatuombwi kuvumilia hayo. Tunaombwa tu kumjua mtoto wa jirani kwa jina lake, na kuuliza yuko wapi saa mbili asubuhi. Kamati zetu zianze juma hili kwa mtaa mmoja, na mtaa huo ukikwisha ziingie wa pili.